Dundu Wawili wa Kwamsisi

Bi Elina, shikamoo. Sina mwingine wa kumwambia haya, kwa hiyo naomba unisikilize hata kama utanicheka. Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na sita, mkulima wa Kwamsisi, niliachika nikarudi kwa mama, na mwaka juzi mvua zilipoanza akaja mtafiti mmoja anayeishi Korogwe mjini, Nicolaus, akitafuta dundu wanaokula mavi ya ng'ombe, na kwa kuwa shamba letu linapakana na boma la wafugaji akaniomba nimsaidie kufukia vikopo vya mitego, nami nikakubali nikijua ni kibarua tu.

Kumbe nilikuwa naenda kufundishwa kutazama. Alinipa lenzi akanionyesha ncha ya kipapasio inavyofunguka kama kurasa, akasema hiyo ndiyo alama ya ukoo wao wote, halafu zikaja pembe za kichwani, ambazo zilinidanganya wiki nzima, maana niliwatenga wenye pembe ndefu na wenye pembe fupi nikidhani ni aina mbili, kumbe wote ni madume wa aina moja, mmoja alishiba utotoni na mwingine alipunjwa. Nikaachana na pembe nikawa nahesabu meno ya miguu ya mbele, mpaka siku moja nikamwambia kopo lake lina aina mbili, hawa wana meno manne na hawa matatu. Akasema meno huisha kwa kuchimba. Nikamjibu kwamba hawa wametoka ardhini jana, bado wanang'aa, hawajachimba kitu. Akavuta kigoda akakaa, akaniuliza, "Unaona nini kingine?" Bi Elina, tangu nizaliwe hakuna aliyewahi kuniuliza hivyo akasubiri jibu.

Tukaenda Korogwe nyumbani kwake, mkewe Justa akatupikia, naye Nicolaus akapasua tumbo la dume wa kila kundi akatoa kiungo cha uzazi, mimi nikaona aibu, lakini akasema wanaofanana sana kwa nje hutofautiana hapo, nikaweka jicho kwenye hadubini nikaona kimoja ncha imepinda na kingine kimenyooka. Akasema atawapeleka kwa wenzake wahakikishe. Kisha utafiti ukaisha, na mimi nimebaki kuinama kila penye kinyesi, najaza makopo ya spiriti chini ya kitanda, na moyo unaniuma kama wa mtu aliyefiwa.

Sasa Mdoe, muuza vitunguu wa Mkumbara, mgane mwenye heshima zake, ameleta posa, na wazee wake wanakuja Jumamosi. Mama amefurahi mno. Mdoe alipoyaona makopo alisema kwa upole tu, "Ukija kwangu, hawa wabaki huku." Na miezi miwili iliyopita Nicolaus alinitumia ujumbe kwamba wale niliowatenga kweli ni aina nyingine, anahitaji madume zaidi mvua zikinyesha, na kama niko tayari tufanye kazi msimu mzima. Sijamjibu. Mvua imeanza juzi. Naogopa labda nampenda mume wa mtu. Nifanye nini?

M., Kwamsisi

*

Marahaba, mwanangu. Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara ya pili nilikuwa namtafuta huyo Nicolaus. Sikumpata. Hujaniambia kama ni mrefu au mfupi, sauti yake ikoje, anacheka vipi. Miguu ya dundu wake naijua yote. Wanaopenda waume za watu huniandikia kila wiki, na hawaandiki hivi. Unachokililia ni kazi, na mtu anaweza kuililia kazi mpaka akakonda. Sikucheki.

Ila nitakugombeza. Umeletewa habari kwamba uliona sawasawa, nawe ukakaa nayo kimya miezi miwili. Na Mdoe wa watu unamwacha akusanye wazee wake bila kujua anaoa mwanamke wa namna gani. Huo ni woga, usiuite heshima. Yeye anaona uchafu chini ya kitanda kwa sababu hujawahi kumfungulia hata kopo moja.

Kwa hiyo nenda Mkumbara kabla ya Jumamosi. Beba kopo na lenzi, mwonyeshe hayo meno manne na matatu, umwambie kila mvua zikianza utarudi Kwamsisi kufanya kazi hii. Akikubali, alitamke hilo mbele ya wazee. Akikataa, posa irudi kwa adabu, na mama yako atanuna wiki chache, hatakufa. Kwa Nicolaus, kazi ifanyike peupe, Justa akijua uko wapi na unafanya nini, na umtake aandike jina lako kwenye kikaratasi cha maelezo cha kila dundu uliyemkamata.

Hayo ni ya kesho na keshokutwa. La leo ni moja: ukimaliza kusoma hapa shika simu, umjibu, na umwambie una madume wangapi.