Udi Ndani ya Kontena Namba Tisa

Khairabera, Jharkhand
2 Septemba

Mwanangu Kunti,

Hujambo, na joto la huko jangwani linakuachia nafasi ya kupumua? Sisi wazima. Mama yako magoti yanamsumbua kwa mvua hizi. Mimi kinachonisumbua ni masikio tu, ndiyo maana nakuandikia. Kwenye simu nakusikia kama mtu aliyezamishwa kichwa kwenye ndoo.

Kuna habari. Wamebandika tangazo kantini: hizo betri zenu zikiweza kuubeba umeme wa jioni, Boila Namba Tatu itazimwa Machi. Boila yangu! Miaka thelathini na moja nimeilisha makaa ya mawe, leo naambiwa imeshindwa na masanduku. Vijana wa zamu wananicheka: "Kaka Mahato, binti yako ndiye anayekuzimia jiko!" Nikawaambia, mimi angalau nazimiwa na mtu wa nyumbani, nyie mtazimiwa na wageni.

Lakini kazi ni kazi. Tarehe 17 ni siku ya Vishwakarma. Najua watu wa huko humfanyia huyo mungu wa mafundi na mitambo sikukuu yake mwezi wa pili. Shauri yao, wewe umezaliwa huku. Usiuache mtambo wako siku hiyo kama yatima. Nakutumia pakiti ya udi na sinduri kidogo, ile poda nyekundu ya ibada, ya kuupaka. Na usiwashe getini kama mpita njia. Washa mbele ya mtambo wenyewe.

Baba yako


Nokhasar, Rajasthan
9 Septemba

Baba,

Naigusa miguu yako kwa heshima kutoka huku mbali. Mwambie Mama apake magoti mafuta ya haradali yaliyopashwa moto, asijifanye hajasikia. Mimi mzima, ila usingizi umenikimbia.

Masanduku unayoyacheka ni makontena arobaini na nane, kila moja limejaa betri. Mchana kutwa yanashiba jua. Jioni jua likizama, watu wanarudi nyumbani na kuwasha taa, feni na majiko kwa mpigo mmoja, ndipo yanautoa ule umeme. Hiyo ndiyo kazi ya boila yako, najua. Mtihani wetu ni tarehe hiyohiyo 17, kuanzia saa moja jioni, kwa muda wa saa mbili mfululizo bila kuyumba. Wakubwa wanatoka Delhi. Bosi wetu, Bwana Purohit, ameacha kula. Anatafuna iliki na kutembea huku na huko.

Anayenilisha ni mlinzi wa getini, mjomba Bhanwarlal. Kila asubuhi ananiletea mkate wa uwele na siagi, anasema nimekonda hadi upepo utanibeba.

Udi umefika. Nitauwasha. Lakini nijibu jambo moja, Baba, bila kuzunguka: unataka tufaulu au tushindwe?

Binti yako,
Kunti


Nokhasar
18 Septemba

Baba,

Naigusa miguu yako. Natumaini nyote wazima. Mimi si mzima.

Jana mchana, wenzangu walipokwenda kula, nilifungua kontena namba tisa. Hapa hakuna anayeifanya sikukuu yetu mwezi huu, kwa hiyo nilikuwa peke yangu. Nje upepo ulizima kiberiti mara nne. Nikaweka vijiti vitano vya udi ndani, sakafuni, mbele ya betri zenyewe kama ulivyosema. Nikavuta mlango ili visizimike, nikaenda kuchukua peremende za kumtolea Vishwakarma. Sijafika hata kwenye ngazi nikasikia king'ora.

Makontena yana vitambua moshi, Baba. Mimi ndiye niliyevikagua mwezi uliopita! Gesi ya kuzimia moto ikafumuka, na safu nzima ya makontena kumi na mawili ikajizima yenyewe. Mlango ulipofunguliwa na hewa ikapita, niliingia wa kwanza. Nikaokota vijiti nikavitia mfukoni.

Mtihani ulifanyika na makontena yaliyobaki. Tukaishiwa umeme dakika hamsini kabla ya muda. Wakubwa wakaondoka bila kunywa chai.

Kisha kikaokotwa kichungi cha sigara karibu na mlango wa namba tisa. Anayevuta sigara hapa ni mmoja tu. Mjomba Bhanwarlal alifukuzwa saa hiyohiyo, baiskeli yake ikakaguliwa kama ya mwizi. Alipopita mbele yangu aliniambia, "Kula, binti, usiache kula."

Sijamwambia mtu. Nikisema, kazi imekwisha, na miaka sita ya shule imekwenda na maji. Nisiposema, sijui. Niambie nifanye nini. Jibu haraka.

Kunti


Khairabera
19 Septemba

Mwanangu,

Salamu nyingi. Mama yako amepaka mafuta na analalamika yananuka, kwa hiyo yuko salama.

Katika barua yako ya tarehe 9 umetaka nijibu bila kuzunguka. Siku ya Vishwakarma nilisimama mbele ya boila na taa ya ibada mkononi, na maneno yaliyonitoka moyoni yalikuwa haya: huko jangwani kushindikane. Baba mzima, namwombea mwanangu aanguke! Jioni, saa mbili na dakika kumi, simu ya gridi, ya wale wanaogawa umeme, ikalia: "Washeni Tatu, haraka, Nokhasar imekufa." Vijana wakacheza ngoma kwenye ngazi za chuma. Nikapewa sahani ya pilau ya dengu, nikairudisha bila kuionja.

Sasa unajua. Ukinikasirikia una haki.

Baba yako


Khairabera
24 Septemba

Kunti,

Hujambo. Barua yako ya tarehe 18 imefika leo.

Nyamaza. Huyo mlinzi ni mtu mzima, atapata geti jingine. Wewe hutapata kazi nyingine kama hiyo. Mtu hunyamaza, siku zinapita, anaendelea kula na kulala. Nakuambia kwa kujua. Ichome hii barua.

Baba


Nokhasar
30 Septemba

Baba,

Naigusa miguu yako, na ya Mama pia. Afya yangu ni nzuri, nalala.

Barua yako ya "nyamaza" imefika leo, na nimeshasema tangu tarehe 22. Sikuweza kungoja. Niliingia kwa Bwana Purohit, nikaweka vile vijiti mezani.

"Hivi ni nini?"

"Udi. Niliuwasha mimi. Ndani."

Aliinua kimoja, akakinusa. "Ndani ya kontena la betri! Wewe ni fundi au kuhani?"

"Mimi ni mtoto wa boila, bwana. Kwetu mtambo huwashiwa udi."

Alicheka, Baba, kisha akapiga meza kwa nguvu hadi iliki zikamwagika. Sikufukuzwa. Nimeondolewa chumba cha mitambo kwa miezi sita. Naosha vumbi kwenye paneli za jua pamoja na kina mama wa kijijini. Wananiita "injinia wa ndoo". Mtihani utarudiwa tarehe 19 Oktoba bila mimi.

Mjomba Bhanwarlal amerudishwa kazini. Nilidhani atafurahi. Ananifungulia geti bila kunitazama, na mkate haleti tena. Nilimwacha aende kwao na jina la mkosaji, akae nalo siku tano nzima, nami nilikuwa na vijiti mfukoni. Inaniuma kuliko ndoo.

Sikukasirikii kwa yale maombi. Lakini uliandika "kwa kujua". Umejuaje?

Kunti


Khairabera
21 Oktoba

Mwanangu Kunti,

Hujambo na mikono yako? Mama yako anauliza kama wanakupa glavu. Sisi wazima.

Kwanza ya kazini. Tarehe 19 nilikaa zamu mbele ya simu ya gridi. Saa moja, kimya. Saa mbili, kimya. Saa tatu kijana mmoja akainua mkono wa simu kuangalia kama imekufa. Betri zenu zilibeba jioni nzima na Tatu ikabaki baridi. Safari hii sikuomba chochote. Itazimwa Machi, wamethibitisha.

Sasa lile swali lako. Miaka ishirini na miwili iliyopita niliacha vali ya mvuke wazi mwisho wa zamu. Bomba likapasuka. Aliyefukuzwa ni Haradhan Gope, yule anayeuza mayai njia ya tatu. Ulikuwa mtoto mchanga, nikajiambia nanyamaza kwa ajili yako. Tangu hapo napita njia ya nne kwenda sokoni, na Mama yako hajawahi kujua kwa nini.

Jana nilipita ya tatu. Nilibisha, akafungua, nikamwambia yote nikiwa nimesimama kizingitini. Hakushtuka hata kidogo.

"Nilijua wiki ileile, Dhaneshwar," alisema. "Nilikuwa nakungoja uje."

Kisha akafunga mlango. Sikusikia komeo, kwa hiyo nilisimama pale kitambo, nikidhani atafungua tena. Hakufungua.

Leo sina zamu. Nikishatia barua hii posta, nakwenda kubisha tena.

Baba yako