Nilisonga Ugali kwa Gongo la Kriketi

Baba mkwe,

Miezi mitatu imepita tangu tukuzike hapa Kinyala, na bado sijalia. Watu wanasema nina moyo mgumu. Mimi nasikia ganzi tu. Naamka, nachuma chai, nalala.

Miaka tisa niliishi kwako bila kukuona uso. Ndiyo mila yetu: mke wa mtoto hatazamani na baba mkwe wala hasemi naye. Nikisikia buti zako, najificha kwenye migomba. Hata siku ya kukuaga nilipita kwenye jeneza nimejifunika kanga.

Lakini ulijua kunisemesha. Ulikaa nyuma ya ukuta wa jiko na mwanangu Ipyana, ukamsimulia kwa sauti ya gwaride jinsi ulivyojifunza kriketi kwenye chuo cha maafisa Uingereza, na ulivyochezea Afrika Mashariki mechi ya daraja la kwanza, Mnyakyusa peke yako, ukatolewa kwa mpira wa pili. "Wa pili, Ipyana! Nimesafiri siku tatu kwenda kusimama dakika nne!" Mtoto alikuwa na mwaka mmoja. Nilijua unamwambia nani. Nilicheka nimejiziba mdomo.

Sasa sikiliza, maana hili hata mume wangu hajui. Kwenye msiba wako mwiko mkubwa wa usharika wa kusongea ugali ulivunjika, na watu wamejaa uani. Shangazi akaingia chumbani kwako, akatoka na ubao mpana wenye mpini. "Mkamwana, shika, songa!" Mimi chumba chako sijawahi kukikanyaga. Ningejuaje? Nikasonga siku mbili nzima. Na ulifaa, baba, sikufichi.

Siku ya tatu akafika kapteni mstaafu mliyecheza naye, akaomba kuliona gongo lako la kriketi. Nyumba nzima ikapekuliwa. Mwisho akachungulia jikoni, akaliona mikononi mwangu, limeganda ukoko, limepasuka kwa mvuke. Alicheka, kisha akalia. Hakumwambia mtu. Nililiosha, nikalirudisha uvunguni mwa kitanda chako, na mama mkwe anadhani lilipasuka zamani.

Nisamehe. Ungekuwa hai nisingeweza hata kukuomba radhi. Hilo linaniuma kuliko gongo lenyewe.

Huku mambo yamebadilika. Ruksa ya kuleta bidhaa za nje imetupandia mpaka mlimani. Pale Bagamoyo yetu ya huku mlimani, si ile ya pwani, mwenye duka la vitambaa ameleta video, na vijana hawatoki. Juzi aliweka kanda ya kriketi, wakapiga kelele aitoe, wanataka karate. Mimi nilikuwa mlangoni na kikapu changu. Nikaona mtu mwenye nguo nyeupe ametolewa, anarudi taratibu, gongo kwapani, kichwa chini. Nikasimama mpaka akatoweka. Nilisema moyoni, basi ndivyo alivyokuwa. Kisha nikanunua chumvi, nikarudi nyumbani.

Mama anasema mila ni heshima. Sibishani naye. Lakini nilikuheshimu miaka tisa na sikujua hata kama una ndevu.

Kwa hiyo nakuahidi: Ipyana akioa, mkewe na mume wangu nitawaketisha meza moja, watazamane, wasemezane. Mama atakasirika. Na akasirike.

Lala salama, Meja. Neno langu la kwanza kwako ndilo hili, na limechelewa.

Shikamoo, baba.

Mama Ipyana