Breki za Mtu wa Mkono Mmoja

Dada yangu Minza, mama Limbu,

Mwangaluka mayu. Shikamoo yangu ipokee kwanza, mengine yafuate. Mgongo unasemaje? Na ule mguu unaovimba ukishinda kwenye palizi? Mvua mmepata, au ni yale mawingu ya kupita tu yakiwaacha mnatazama juu? Mimi nipo. Nina afya ya dume la ng'ombe, isipokuwa ubavu mmoja na jino la mbele, na habari zake utazipata humu humu.

Huku Arusha kazi inaendelea. Kwa huyu tajiri anayepeleka wazungu milimani kwa baiskeli, fundi ni mimi, wengine ni wasaidizi, hata kama wao wanasema vingine. Juzi mzungu mmoja mama mtu mzima alishuka kwenye baiskeli niliyoifunga mimi akatokwa na machozi, akasema kwao hajakutana na breki inayosikia namna ile. Na kuna siku nilishuka kutoka msituni kwa kasi mpaka nyati aliyesimama katikati ya njia akaona aibu akapisha. Mashahidi wapo, ila wamesharudi kwao Ulaya. Na mimi niliishia la tano, dada. Ningefika la saba sijui ingekuwaje.

Sasa tuache hayo.

Ile sauti uliyonitumia kwa simu ya jirani niliisikiliza nyuma ya karakana, peke yangu. Umesema Limbu siku hizi amelala akitazama ukuta, ukimwita anajibu baada ya muda kama mtu aliyeko ng'ambo ya mto. Mimi siku ile ya kulima inanijia kila siku nikiwa na spana mkononi. Namwona amezungusha kamba ya maksai kwenye mkono wa kushoto, kama tulivyofundishwa sote tangu utoto, ili wasikuponyoke. Nyuki wakaibuka, ng'ombe wakakimbia naye. Mkono ulivunjika tu, na mkono uliovunjika hupona. Lakini yule mzee wa kufunga mifupa alikaza vijiti mpaka vidole vikawa vyeusi, na mlipomfikisha hospitali hapakuwa na mkono wa kuokoa.

Tena umesema mkwe wako amekuja kutoka Lingeka akamchukua binti yake Kabula "akapumzike kwao". Mke wa mtu akishaanza kupumzika kwao najua maana yake. Na wenye ng'ombe hapo Migato wamesema watamngoja Limbu mpaka msimu wa pamba uishe. Asiporudi kuwabebea maziwa kwenda mjini kwa baiskeli, kazi wanampa mwenye pikipiki.

Nilikupigia palepale nikakuambia, kwa sauti kubwa, kwamba nitamfungia mpwa wangu baiskeli ya mkono mmoja ambayo Simiyu nzima haijawahi kuiona. Kusema kweli nilipokata simu sikujua naanzia wapi.

Tajiri alinipa fremu ya zamani ya baiskeli ya mlimani, imebanduka rangi lakini chuma kizima. Ikabaki kuchagua breki na gia. Hapo nikagombana na Mathayo, mwenzangu wa karakana, Mgogo, mtani wangu. Mimi nilichagua breki za mafuta, hizi za wazungu, unabonyeza kwa kidole kimoja gurudumu linasimama.

Mathayo akacheka. "Msukuma, unamfungia mpwa wako au mtalii? Mafuta yakivuja huko porini kwenu mtatia nini?"

"Mafuta ya pamba," nikamwambia. "Tunayakamua wenyewe. Mashudu yake wanakula ng'ombe, mafuta yenyewe tunakaangia samaki. Breki ni nani hata ikatae?"

"Ninyi kila kitu pamba. Mkifa mnazikwa na pamba puani."

"Na wewe mla mlenda utateleza mwenyewe mpaka kaburini."

Unanijua, dada, nikibishiwa. Nilikuwa na chupa ya mafuta ya Bariadi aliyoniletea dereva mmoja wa lori. Nikamwaga mafuta ya wazungu, nikatia yetu. Nikamwambia Mathayo anifunge mkono wa kushoto ndani ya koti kwa mpira wa tyubu, nione anachokiona Limbu. Nyuma tukafunga madumu ya maji badala ya maziwa, nikapanda mpaka juu kwenye migomba, nikageuza.

Mwanzo breki zilishika vizuri mpaka nikapiga mluzi. Mteremko ulipokaza nikabonyeza, mkono wa breki ukaingia mpaka kwenye usukani kama nimebonyeza tope. Nikabonyeza tena, hakuna kitu. Niliingia mferejini na madumu juu yangu, jino la mbele likabaki humo. Mgomba nilioupiga nasikia hautazaa tena.

Lakini nikuambie jambo ambalo Mathayo sikumwambia. Pale chini, ule mkono uliofungwa ulitaka kuja kunisaidia, ukawa unasukuma ndani ya koti, hauna pa kutokea. Maji yananimwagikia usoni na siwezi hata kugeuka. Nikaogopa kama mtoto. Mimi walinifungua. Ndipo nikaelewa kidogo kwa nini Limbu anatazama ukuta.

Mathayo alipomaliza kunifungua hakucheka. Alisema tu, "Mtani, tuanze upya."

Tukafunga breki za waya, ambazo waya wake unapatikana hata dukani hapo Migato. Mkono mmoja wa breki ukavuta waya mbili, mbele na nyuma pamoja. Safari hii tulishukia kilima kidogo. Baiskeli ilisimama, lakini uzito wote wa mwili ulikuja kwenye mkono mmoja na usukani ukageukia upande. Nikaanguka kwa ubavu. Sasa mtu mwenye mikono miwili hawezi kujua hili, kwamba ukifunga breki unajiegemeza kwa mikono yote, na ukiwa nao mmoja unajigeuza mwenyewe.

Kwa hiyo tuliihamishia breki kubwa miguuni. Ni ile ya zamani, unarudisha pedeli nyuma gurudumu linashika. Tuliipata kwenye baiskeli mbovu, nikaisafisha mwenyewe. Breki hiyo haitaki gia nyingi, na ndivyo nilivyotaka, kwa sababu kubadilisha gia kunahitaji vidole vya kuchezea. Mbele nimeweka gia moja ndogo, nyuma moja kubwa. Akitoka mjini kupanda atakuwa anakwenda polepole kama mzee, lakini atakuwa hashuki. Mnyororo nimechagua ule mnene, mpya, nikauvuta sawasawa na kuufunika kwa bati. Hapa sikiliza, umwambie vizuri: mnyororo ukitoka, breki ya mguu imekufa. Kila asubuhi aukague kabla hajapanda. Ndiyo maana mkono wa kulia nimemwachia breki ya waya ya gurudumu la mbele. Hiyo ni ya siku mbaya, na aibonyeze kidogo kidogo.

Nilishuka nayo mlima mzima, mkono ukiwa ndani ya koti. Sikuanguka. Nikampigia Limbu kwa furaha kupitia simu ya jirani, nikamweleza yote, breki, mnyororo, bati.

"Mjomba," akasema, "na mzigo ananifungia nani?"

"Mzigo gani?"

"Madumu. Mpira unavutwa kwa mikono miwili. Alikuwa ananifungia Kabula."

Dada, mimi hapa Arusha nilikuwa nimefungiwa na Mathayo kila mara. Madumu, mkono, kila kitu. Sikuliona. Limbu akasema, "Asante mjomba, usihangaike," akakata.

Sikulala vizuri. Kesho yake tulichomelea vikapu viwili vya chuma pembeni ya gurudumu la nyuma, dumu linakaa ndani wima bila mpira. Dumu liwekwe tupu, maziwa yamiminwe kwa jagi likiwa tayari ndani. Kushusha, atafungua bomba tulilomwekea chini ya dumu. Hahitaji kufungiwa na mtu. Lakini sijamwambia. Nilimpigia tena akapokea shemeji, akasema mtoto hataki simu.

Najua vikapu havimrudishi Kabula. Hilo sina spana yake. Ila baba yake Kabula alimchukua binti kutoka kwa mtu anayetazama ukuta, na sitamlaumu sana mpaka nione Limbu amesimama na yeye bado amekataa.

Nisalimie shemeji, mwambie nimesikia ng'ombe wake mweupe amezaa na mimi namdai samli. Nisalimie mama mdogo wa Sola aliyenilea, mwambie bado nakula sana. Jirani mwenye simu mpe shukrani, na katekista wetu aendelee kutuombea. Yule mzee wa kufunga mifupa usimsalimie.

Baiskeli nimeipakia kwenye basi la Bariadi. Ukipata barua hii itakuwa imeshafika, ipo stendi, ofisi ya mizigo. Najua utataka kumtuma shemeji, au mtoto wa jirani, ili Limbu asichoke na watu wasimtazame. Usimtume mtu. Atatazamwa, ndiyo. Akifika aipande pale pale stendi bila mzigo, arudi nayo taratibu. Nimezungumza na kondakta, ni mtu wa kwetu, naye amezungumza na wa ofisi. Nimewaambia huo mzigo wasimpe mtu yeyote mwenye mikono miwili.

Ni mimi kaka yako,
Masunga, fundi