Nabwile wa Anime, Binti Tuliyemficha

Leo mwaka umetimia, Nabwile, tangu asubuhi ile ya Juni ulipotutoka katika wodi ya wanawake pale Kitale, moyo wako uliougua tangu homa ya utotoni ukiwa umechoka kabisa. Ulikuwa na miaka ishirini na tisa. Ninayeandika ni mimi baba yako, Jairus Mukhwana. Mama yako na ndugu zako wameyasoma haya kabla hayajatoka, na wamekubali yatoke yalivyo.

Tunakukumbuka ulivyokuwa ukiingia nyumbani Matulo bila kubisha hodi, mkate kwapani, ukiuliza kwanza kama ng'ombe amezaa, ndipo unasalimia watu. Ulikuwa ukimenya miwa kwa mkono wa kushoto, kisu kikielekea kifuani, na mama yako anageuza uso kwa hofu. Ukicheka sana ulikuwa unashika kifua. Hatukujua kama ni kicheko au ni maumivu, nawe hukupenda tuulize.

Tunakumbuka pia kazi yako, na hapo ndipo aibu yetu inapoanzia.

Siku ya mazishi tulisoma historia ya maisha yako mbele ya watu. Tulisema ulijishughulisha na biashara ya vifaa vya kompyuta. Haikuwa kweli. Kaka yako Wangila alikuwa ameandika vizuri kwamba ulikuwa na duka la filamu Kitale, na kwamba watu walitoka Moi's Bridge na hata Bungoma kuja kukuuliza watazame anime gani. Mimi ndiye niliyechukua kalamu nikaikata mistari hiyo. Nilikuwa mzee wa kanisa kwa miaka kumi na saba, na sikutaka neno hilo lisomwe juu ya jeneza lako.

Kwa asiyejua, anime ni katuni za Kijapani. Ulizopenda wewe ni za mapigano na nguvu zisizo za kawaida: watu wanaopambana na mapepo, wafu wanaorudi kumaliza kazi waliyoiacha. Mimi nilisikia neno "mapepo" nikaziba masikio. Mama yako aliziita "firamu za shetani," na hakuna aliyemrekebisha.

Ulijaribu kutueleza. Pasaka ya mwisho uliyokuja nyumbani ulituambia mezani juu ya Alwi, fundi wa pikipiki wa Bungoma karibu na msikiti, ambaye alikuwa amemaliza hadithi moja ya mapanga na anataka nyingine kama hiyo. Ulisema kazi yako ni kujua mtu amependa nini ndani ya kile alichokipenda. Ulisema, nakumbuka maneno yako, kwamba kuna watu wanataka vita na kuna watu wanataka wafu waongee, na ukiwachanganya umewapoteza wote. Nikakuambia watu hao wasitajwe tena mezani kwangu.

Hiyo haikunitosha. Jumapili ya Pasaka nilisimama kanisani nikawaomba waumini wamwombee binti yangu "anayeuza mapepo Kitale." Ulikuwa umekaa benchi la tatu, karibu na dada yako Nasike. Hukutoka. Uliimba mpaka wimbo wa mwisho, ukaja nyumbani ukawapakulia wageni chakula, kisha ukaniuliza jambo moja tu.

"Baba, umewahi kuangalia hata moja?"

Nilikujibu kwamba sina haja. Ukaitikia kwa kichwa, ukaenda kufunga begi. Hukuingia tena katika kanisa lile ukiwa hai.

Kuna jambo lingine ambalo hata mama yako hakulijua mpaka juzi. Mwezi uliofuata nilikuja Kitale kutafuta mbegu. Nilipita mtaa wa duka lako kwa upande wa pili wa barabara. Ulikuwa umesimama mlangoni na kikombe cha chai, na uliniona. Mimi nikasimama nikajifanya nasoma kibao cha daktari wa meno, nikakisoma chote, namba ya simu na saa za kufungua, kisha nikaendelea na safari yangu. Hukuniita. Nadhani ulitaka kuninusuru nisiaibike mbele ya wateja wako. Nilikuwa na nafasi ya kuvuka barabara, na sikuvuka.

Wiki tano baadaye ukalazwa.

Siku ya mazishi walikuja vijana na watu wazima zaidi ya thelathini, wengine wamevaa fulana zenye picha za wapiganaji wenye nywele za rangi. Niliwaelekeza wakae nyuma ya hema la mwisho, karibu na ua. Alwi alinifuata kwa heshima akaomba dakika mbili za kusema. Nilimwambia muda umekwisha. Muda ulikuwepo, mwanangu. Baada ya hapo alizungumza diwani wa zamani kwa nusu saa, na hakuwahi kukuona hata mara moja.

Waliondoka bila kula.

Septemba mimi na Nasike tulikuja kuondoa vitu vyako dukani, kwa sababu mwenye nyumba alihitaji chumba chake. Ndiyo mara yangu ya kwanza kuingia. Nilitarajia giza na mafuvu. Nilikuta viti vinne vya plastiki, jiko la kuchemshia chai, na kuta zilizojaa karatasi za manila kutoka juu mpaka chini, zote kwa mwandiko wako wa kulalia upande. Kila hadithi ilikuwa na mstari wake: ukipenda hii kwa sababu fulani, nenda kwa ile, ukiipenda kwa sababu nyingine, usiende huko, utachoka. Tulikuwa tumeanza kuzibandua wakati mwanamke mmoja aliposimama mlangoni.

Alikuwa Mwalimu Chepkosgei, anayefundisha shule ya msingi upande wa Moi's Bridge. Alikuwa mbali miezi mingi na habari hazikumfikia. Aliuliza kama upo, kwa sababu amemaliza ile uliyompa na anataka nyingine kama hiyo. Nasike ndiye aliyemwambia. Mwalimu alikaa kwenye kiti cha kwanza alichokiona, mkoba mapajani.

Kisha akatueleza. Pacha wake alifariki akijifungua, na kwa mwaka mzima hakuweza kutaja jina lake wala kulia. Aliingia dukani kwako kutafuta filamu ya wanafunzi, ukazungumza naye kidogo, ukampa hadithi ya mpiga kengele wa mlimani anayepigana na mapepo kwa mlio wa kengele zake.

"Aliniambia niruke kipindi cha saba," mwalimu akasema. "Ati kuna dada anakufa hapo, nisikifungue mpaka nisikie niko tayari. Nilikiangalia wiki iliyopita, mzee. Nililia mpaka nikalala. Nilikuwa nakuja kumwambia asante."

Alipanguza macho, akatazama kuta, akaniuliza mimi sasa atazame ipi.

Nilitafuta kwenye karatasi kwa kidole, kama mtu anayejifunza kusoma. Nikaipata ile ya kengele. Nikamsomea ulivyoandika: ikiwa anachotaka ni vita, kuna ile ya walinzi wa daraja, ikiwa bado anataka wafu waongee, aende kwa ile ya mama mvushaji, anayewavusha mtoni wale waliokufa bila kuaga. Nilipofika neno "kuaga" niliondoa kidole, na Nasike akamalizia. Tukaitafuta kwenye kompyuta yako, tukamwekea kwenye flashi. Karatasi za manila hatukuzibandua tena siku hiyo. Baadaye tulizitoa taratibu, nzima nzima, na sasa ziko chumbani kwako Matulo, kwenye ukuta wa dirishani.

Baada ya hapo nilienda Bungoma kumtafuta Alwi. Nilimkuta amepiga magoti kando ya pikipiki, mikono imejaa grisi. Alinipa shikamoo, akaniletea kiti kivulini, akanawa mikono kabla ya kukaa. Nilimwomba msamaha kwa yale ya mazishini. Aliniambia hawakukasirika.

"Tuliona aibu tu, mzee," akasema. "Tulisikia ile historia ikisomwa, vifaa vya kompyuta, tukaangaliana. Tukasema kumbe Nabwile alituonea haya. Kumbe hakuwahi kuwaambia nyumbani kama tuko."

Nabwile, katika yote niliyokufanyia, hilo ndilo linalonikaa kooni. Nilidhani nimekata mistari miwili ya karatasi kulinda jina langu. Kumbe niliwaondoa watu kwenye kaburi lako wakiamini kwamba uliwakana. Nilimwambia Alwi ukweli hapo hapo, kwamba ulimtaja kwa jina, kwamba uliwataja kila ulipokuja mpaka mimi nilipokunyamazisha. Aliinamisha kichwa. Kisha akatoa simu, akasema kuna kitu pengine ningependa kukisikia. Ulikuwa ujumbe wako wa sauti, wa wiki chache kabla hujalazwa.

"Alwi, niaje. Sasa hiyo umemaliza ilikuwa mapanga mwanzo mwisho, si uache kichwa ipoe kwanza. Angalia hii ya mzee wa ghala. Kuna mzee analinda mbegu za kijiji, na mapepo ya njaa yanakuja kila msimu, anapigana nayo na jembe tu. Lakini ni mzee mgumu, bana. Vile anapanguza mbegu moja moja na shati, ni babangu kabisa. Siku moja nitamwekea aangalie. Anza kipindi cha kwanza, usiruke kitu."

Alwi alininakilia hadithi hiyo. Niliitazama na mama yako sebuleni, mchana, kipindi kimoja kila siku baada ya chakula. Siku ya kwanza tulicheka, maana kweli anapanguza mbegu kama mimi. Kuanzia kipindi cha nne sikucheka tena. Mzee yule anamfukuza msichana anayeelewa lugha ya mapepo, ambaye ndiye pekee angeweza kumsaidia, na anajifungia ghalani akidhani analinda kijiji. Mama yako aliushika mkono wangu. Sijui kama ulisema ni mimi kwa ajili ya mbegu au kwa ajili ya mlango ule uliofungwa. Ningetoa chochote nikuulize.

Jumapili iliyopita nilisimama kanisani, mahali pale pale niliposimama Pasaka. Nilisema niliwadanganya juu ya mtoto wangu, nikaeleza kazi yako ilikuwa nini, na nikaomba nipumzishwe uzee wa kanisa. Wengine waliguna. Bibi mmoja wa kwaya alinifuata nje akaniuliza kwa sauti ya chini hiyo ya mpiga kengele inapatikana wapi.

Jumamosi hii tutakuwa na ibada ya kukukumbuka, nyumbani Matulo, saa nne asubuhi. Alwi, Mwalimu Chepkosgei, na ninyi nyote mliokaa karibu na ua: viti vya mbele ni vyenu. Vaeni fulana zenu. Semeni mpendavyo, na msiondoke kabla hamjala. Nabwile aliwataja.

Unakumbukwa na baba yako Jairus Mukhwana; mama yako Sellah, ambaye sasa anasema "anime" na kulitamka sawasawa; kaka yako Wangila; dada yako Nasike; na marafiki zako wa Kitale, Moi's Bridge na Bungoma, ambao tumechelewa kuwaita jamaa.

Tutakukumbuka siku zetu zote, Nabwile, na hatutakuficha tena.