Macho ya Kupitia Getini

Wewe uliyeokota daftari hili, nakusihi ulifunge. Ukishindwa, basi usimtajie mtu hata neno moja, hasa hapa Kitengela.

Jumatatu, 1 Februari 1999
Tone la dawa ya kuondoa wekundu jicho la kulia, tone la kushoto, kisha foleni. Bwana Kilonzo, msimamizi wetu, hukagua macho ya kila mfanyakazi getini. Mekundu maana yake ulilewa, na mlevi anarudishwa nyumbani. Mimi sijawahi kuonja pombe. Ni vumbi la kokoto na upepo wa kiangazi. Nimepita. Mwisho wa mwezi ataamua kama nitaandikwa kazi ya kudumu hapa mzanini, tunapopima malori ya kokoto. Namwogopa sana.

Alhamisi, 11 Februari
Dawa inasafisha macho asubuhi tu. Kufikia saa ya chai yamekuwa mekundu kuliko jana. Naongeza tone, chooni, nimejifungia. Leo Kilonzo amenikuta nikitoka. Akawaita madereva wa malori waje waone.
“Karani, hizo ni nyanya ama macho?”
Wamecheka. Nimecheka nao. Najidharau.

Jumatano, 17 Februari
Yanawasha, makavu kama mchanga. Nashipae wa stoo ameazima chupa yangu tena, akagusisha ncha kwenye kope zake. Sikumkataza. Anajua ninachofanya chooni.
Jioni nimesoma karatasi ya ndani ya kisanduku. Mara ya kwanza. Inasema dawa isitumiwe siku nyingi mfululizo. Mimi, niliyepita Kemia vizuri.

Ijumaa, 19 Februari
Nimeamka kope zimegandana kwa usaha. Nimeenda kliniki, Kajiado. Muuguzi ni mama mkali.
“Kijana, unapaka macho rangi?”
Akanieleza. Dawa ile hubana mishipa ya damu. Ikiisha nguvu, mishipa inavimba zaidi. Wekundu huu nimeutengeneza mwenyewe. Niitupe. Chupa ni ya mtu mmoja. Ninawe mikono kwanza, ncha isiguse jicho. Amenipa dawa ya usaha, na matone ya kulainisha ya kutumia baadaye. Nikipata maumivu au nikiona ukungu, nirudi mbio.
“Yatakuwa mekundu siku kadhaa kabla ya kutulia. Vumilia.”
Nikauliza kama naweza kutia ile ya zamani Jumatatu tu, asubuhi.
“Unataka kazi ama unataka macho?”
Nilitaka vyote. Akaniandikia barua ya kumwonyesha mkubwa wangu.

Jumatatu, 22 Februari
Sikutia. Kilonzo aliisoma barua kwa sauti, polepole, kila mtu asikie.
“Mmesikia? Hata kliniki inakubali ni mekundu.”
Kicheko. Akaikunja, akafutia vumbi kiatu chake.
“Kijana, nenda ukalale. Kesho usije.”
Nashipae alikuwa nyuma yangu. Akapita, hakuniangalia. Namchukia. Nawachukia wote.

Jumapili, 7 Machi
Sasa niko Bisil. Nauza chumvi ya mifugo katika duka la binamu yangu. Wazee wananisalimia sopa, wanachukua chumvi, wanaenda.
Nimejitazama kwenye kioo. Macho ni meupe. Hayawashi. Hakuna anayeyakagua.
Wewe uliyesoma hadi hapa, ukisikia popote wanatafuta karani, njoo siku ya mnada. Duka linatazama zizi la mbuzi. Sema unamtaka yule kijana wa kuandika. Usiniulizie Kitengela. Watakwambia nilikuwa mlevi.