Laptopu Moja, Bi Mkubwa na Bi Mdogo

Mlola, Lushoto.
30 Agosti 2025.

Mpendwa mdogo wangu Idrisa,

Marahaba. Najua shikamoo yako imetangulia hata kabla hujafungua bahasha, kwa hiyo nimeipokea. Hujambo wewe, mkeo Nasra na watoto? Joto la huko Mtwara limepungua, au bado linakuonea? Huku kwetu ukungu haujapanda tangu Jumatatu, nguo hazikauki, na kile kikohozi changu cha kila mwaka kimeshakuja kudai haki yake. Vinginevyo tu wazima, alhamdulillahi. Shemeji yako Salimu mzima. Zuhura naye mzima, mzima sana.

Najua umeninunia. Jumapili ile ulipopiga simu ukasema moyo wako sasa umetulia, nikutumie sauti ya marehemu Mama, nilikujibu kwamba kesho utaipata. Zimepita wiki tatu. Usinihukumu kabla hujamaliza kusoma.

Unakumbuka ulivyotugawia laptopu Idd ya kuchinja. Mashine yenyewe ndogo, inaenea kwenye kapu la karoti, lakini wewe ukaitia mifumo miwili: ule wa maofisini kwa Zuhura, kwa sababu walimu wenzake ndio wanaoutumia, na ule mwepesi wa bure kwangu, kwa barua za kikundi chetu cha mbogamboga. Ukiiwasha inakuuliza unataka kuingia upande gani. Salimu alifurahi kuliko wote, maana mwanamume mwenye wake wawili na laptopu moja alikuwa hajui ajifiche wapi. Zamu ya mashine ikafuata zamu yake mwenyewe, siku mbili kwangu, siku mbili kwake.

Mimi sikufurahi, na leo nakwambia. Kwenye ile orodha ya kuchagulia ukaweka jina la Zuhura juu. Mtu akichelewa sekunde kumi, mashine inajiingilia kwake. Kwa nini isiingie kwangu niliyeolewa miaka kumi na tisa iliyopita? Halafu nikaja kusikia kwamba hata diski hukuigawa sawa, yeye robo tatu na mimi robo. Salimu na mapungufu yake yote hagawi hata nyama hivyo, wewe wa tumbo moja na mimi ndiwe unayenipa robo! Fundi Fanueli wa Lushoto mjini alinieleza kwamba mfumo wa Zuhura ni mzito, unakula nafasi, na wangu humo unatosha na kubaki. Nilimsikiliza mpaka mwisho. Sikumwamini.

Na paswedi je? Yangu ina herufi kumi na nne, nimeshaisahau mwenyewe mara mbili. Zuhura ya kwake ameiandika kwenye karatasi akaibandika chini ya laptopu. Mwalimu mzima, mwenye akili zake, anaacha mlango wazi namna hiyo kwa nia gani? Nikajua ananitega.

Sasa sauti za Mama. Ni kumi na moja, na ni wewe uliyezihamisha kutoka kwenye simu yangu ukaziweka upande wangu, huku umegeuza uso usije ukasikia hata neno. Ile simu mwezi wa saba ilitumbukia kwenye ndoo nikiosha mboga, haikuwaka tena. Kwa hiyo Mama alikuwa amebaki mahali pamoja tu duniani, kwenye ile robo yangu.

Jumatatu nikawasha nikutumie. Mashine haikuniuliza kitu. Iliingia moja kwa moja kwa Zuhura, kana kwamba mimi sijawahi kuwepo. Nikazima, nikawasha, mara nne. Orodha hakuna, jina langu hakuna. Na aliyeitumia jana yake jioni ni nani? Zuhura, alipotoka Bungu msibani kwa mjomba wake.

Nilivuka ua na laptopu kwapani. Niliyomwambia sitayaandika hapa, mengine niliyasema kwa Kishambaa ili yaingie vizuri. Alikuwa anachambua mchicha. Akaniambia tu, "Dada, upande wako sijaugusa." Hata sauti hakupandisha, na utulivu ule ndio uliozidi kunichoma. Mtu akisingiziwa si hupiga kelele? Mimi ningepiga.

Nikamwambia Salimu kwamba Mama amefutwa. Nililia, Idrisa. Hata siku tulipomzika sikulia vile. Salimu akapandwa na hasira, akatangaza mbele yetu wote kwamba tutaenda kwa fundi, na atakayebainika ameiharibu atakaa bila laptopu mpaka shule zifungwe. Zuhura alikuwa na mitihani ya darasa la nne ya kutunga. Nikaona vizuri, akome.

Fanueli alikuwa ameshuka Muheza kwenye harusi ya dada yake, tukamsubiri siku tisa. Siku zote tisa mimi na Zuhura tuliongea kupitia kwa Salimu.

Tulipofika alichomeka flashi yake, akawa anabonyezabonyeza kitufe kimoja mashine inapoamka, akaandika mistari miwili mitatu. Haikupita nusu saa jina langu likarudi. "Mama, chumba chako hakijaguswa," akaniambia. "Kilichoondolewa ni kibao cha mlangoni tu." Akasema upande wa Zuhura ulijisasisha, na ulipomaliza ukajiandikisha kuwa ndio wa kuwaka peke yake. Nilifungua sauti ya tatu pale pale. Mama anauliza, "Idrisa umekula?" halafu anamfukuza kuku, halafu anakohoa, halafu anauliza tena. Salimu aligeukia ukutani.

Alipogeuka huku akauliza ni nani basi aliyeiruhusu ijisasishe. Fanueli akatafuta kwenye kumbukumbu za mashine, akasoma: Ijumaa tarehe nane, saa saba na dakika kumi mchana.

Idrisa, kuna jambo nimeliruka hapo juu.

Zuhura aliondoka kwenda Bungu Alhamisi. Ilikuwa zamu yake, lakini laptopu aliniachia mimi, kwamba nisikae bure nayo ipo. Ijumaa Salimu alipokwenda msikitini nikaigeuza, nikasoma ile karatasi, nikaingia upande wake. Nilitaka kuona anayoandika juu yangu. Nilipekua karibu saa nzima. Nilikuta maandalio ya masomo, majina ya watoto wa shule, na picha za maharage yanayoota kwenye vikopo. Basi. Ndipo kikatokea kisanduku chenye Kiingereza kingi na kitufe cha buluu, nikabonyeza ili kiniondokee. Mashine ikaanza kuhesabu asilimia. Nikaogopa, nikaifunika kanga mpaka iliponyamaza. Wallahi sikuwahi kuunganisha mambo hayo mawili mpaka Fanueli aliposema saa saba.

Zuhura alinitazama. Hakunitazama sana. Akamgeukia Salimu, akasema, "Ni mimi. Niliibonyeza Alhamisi kabla sijaondoka, ikawa inangoja kuwashwa tu." Fanueli akafungua mdomo, akaufunga. Salimu akamsema Zuhura njia nzima ya kurudi Mlola. Na mimi nikanyamaza, Idrisa. Mdomo huu unaoujua wewe, ulinyamaza.

Leo siku ya kumi laptopu iko kwangu, zamu zote zangu. Kutoka dirishani kwangu namwona Zuhura anaandika maswali ya mtihani kwa mkono, akikosea anachukua karatasi nyingine. Asubuhi ananiamkia kama kawaida. Nimekaa nangoja aje na dai lake, maana mtu habebi kosa lako bure. Hajaja. Juzi ameniletea nusu ya kabichi, nikaigeuza pande zote kabla sijaipika. Naona haya hata kukuandikia hili. Nilimwita mwizi wa sauti ya mama yangu, na mwizi wa kuingia kwa watu nilikuwa mimi.

Ndani ya bahasha kuna flashi, sauti zote kumi na moja zimo. Tafadhali usizisikilize ukiwa peke yako, Nasra akae karibu. Ya tatu ni yako.

Barua hii nimeiandikia upande wa Zuhura. Printa iko shuleni kwake, na hakuna mwingine wa kuichapa ila yeye. Kumwambia kwa mdomo nimejaribu mara tatu pale jikoni, nikaishia kumwomba kibiriti. Kwa hiyo kesho nitavuka ua na laptopu, safari hii nimeibeba kwa mikono miwili, nimwachie ikiwa imefunguka ukurasa huu wa kwanza. Salimu nitamwambia mwenyewe, akishakunywa chai.

Ukija Disemba nirekebishie jambo moja. Mashine isihesabie mtu sekunde, ikae ingoje mpaka mtu achague. Fanueli anasema inawezekana. Robo yangu iache ilivyo, Mama ameenea humo.

Nisalimie Nasra, nisalimie Rehema na mdogo wake Yusuph, uwaambie shangazi yao anawadai barua. Shangazi Vumilia wa Bungu anakusalimu, goti lake limepata nafuu. Mwenyezi Mungu akulinde huko uliko na akurudishe kwetu salama.

Ni mimi dada yako, nikupendaye hata nikiwa na makosa,
Mwanasha.

Naongeza kwa kalamu, Jumatatu jioni: Barua imechapwa. Zuhura amenipa karatasi zikiwa zimebanwa vizuri, akanishika mkono kidogo, akaenda na laptopu kutunga mitihani yake. Ila nimegundua alichapa nakala mbili, na moja ameiweka kwenye mkoba wake. Ya nini, sijui, na safari hii sipekui.