Tangi Lenye Joto la Mtu

Tarehe 12 Juni

Dada yangu mpenzi,

Mvua imekatika huku, na yule paka uliyeniachia amezaa ndani ya kabati la nguo.

Unauliza kwa nini sijaja nyumbani tangu tumzike Kidosho. Dada, nalea bakteria. Wataalamu wamewapandikizia kipande cha virusi vilivyomuua mwanangu, na bakteria hao wanatengeneza ganda la virusi tu, lisiloambukiza, la kutengenezea chanjo.

Jana mkuu wa maabara alinikuta nimeweka kiganja kwenye tangi lao.

"Mama Kidosho, kipimajoto si hicho hapo? Nenda likizo, mama. Hawa hawatakulilia."

"Najua," nikasema. "Nawaangalia tu."

Nikavua koti la kazi, nikafika mlangoni, nikarudi. Tangi lina joto lile lile la mwili wa mtu mwenye afya. Kidosho, mara ya mwisho nilipomgusa, alikuwa wa baridi.

Siwezi kutoka humu, dada. Usinikasirikie. Ukipita kaburini mng'olee majani, umwambie mama yake yuko kazini.

Na mimi unikumbuke.

Mdogo wako